Picha ya Nyamizi Ambayo Haikutoka

Dada yangu Nyamizi hakuketi mahali popote kabla hajatazama kivuli chake. Akiingia uani kwa watu, au akishuka kwenye lori, au akifika mahali ambapo wenzake wameshakaa, alisimama kidogo, akainamisha kichwa, akaona kivuli kimelala upande gani, kisha akazunguka mpaka jua likawa mgongoni mwake. Hapo ndipo alipokaa. Watu wengine walidhani anatafuta nyoka. Mama alidhani ni ugonjwa wa macho. Kumbe ilikuwa kanuni ya kamera ya kisanduku, kwamba mpiga picha alipe jua mgongo. Kanuni hiyo ilimwingia mwilini akiwa kidato cha pili, na haikumtoka hata baada ya kamera yenyewe kutoka mikononi mwake.

Tulisoma shule moja ya wasichana, Iringa, yeye akiwa mbele yangu madarasa mawili. Shule ilianzishwa na masista, serikali ikaichukua, lakini masista wachache walibaki kufundisha. Siku zetu zilichosha kwa namna ambayo leo nikiwasimulia wanafunzi wangu wanacheka. Kengele ililia kungali giza. Tulikimbia mchakamchaka kwenye baridi ya mlimani, nyimbo za kujitegemea zikitoka vinywani pamoja na mvuke. Baada ya hapo maji, ufagio, uji, darasa, na mchana shamba la shule, majembe yakigonga udongo mwekundu uliokauka. Miaka ile ya njaa tulikula ugali wa unga wa njano uliotoka nje kwa meli, na mpaka leo rangi ile siipendi. Usiku tulirudi darasani kujisomea, kanga zimefungwa juu ya sare kwa sababu ya baridi, na wengi wetu tulilalia madaftari.

Nyamizi hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alikuwa miongoni mwa wale wa katikati, ambao mwalimu akiita majina huwa anawaruka bila kujua. Alikuwa mtaratibu, mrefu, mwenye mikono mikubwa kama ya Baba. Juma zima alitembea kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Jumapili tu ndipo alipoonekana ameamka.

Jumapili baada ya misa kulikuwa na kikundi cha picha. Sista Apolonia, aliyefundisha biolojia, alikuwa na kamera kuukuu ya kisanduku, na alikuwa ameigeuza stoo ya viazi kuwa chumba cha kusafishia picha. Madirisha yalizibwa kwa blanketi nyeusi, taa ilikuwa moja, nyekundu, na harufu ya viazi haikuwahi kuisha, ilichanganyika tu na ya dawa. Ufunguo wa stoo ile alipewa Nyamizi. Aliuvaa shingoni kwa uzi, ndani ya blauzi, pamoja na rozari. Mimi nilikuwa napewa kazi ya kutikisa sinia la dawa polepole, huku na huku, na nilikatazwa kuongea. Karatasi nyeupe ililala ndani ya maji, kisha kitu cheusi kikaanza kutokea, nywele kwanza, halafu macho. Nyamizi aliinama juu yake akiwa amebana pumzi. Sijamwona tena akiwa na uso ule mahali pengine popote.

Kwetu kulikuwa Ubaruku, Usangu, kwenye mpunga. Lakini hatukuwa watu wa pale. Wasangu walituita Wasukuma, na Wasukuma wenzetu walituita watu wa kisiwani, maana ukoo wetu ulivukia Ukerewe zamani za babu, na Nyamizi mwenyewe alizaliwa huko. Mimi nilizaliwa Usangu, ng'ombe wakiwa wameshafika.

Jambo lililomtoa Baba kisiwani tulilijua vipande vipande, kutoka kwa Mama, siku ambazo Baba hayupo. Ndama zake waliugua. Bibi Kabula, mama yake, akachimba mizizi, akaitwanga, akawanywesha kwa nia njema, asubuhi ndama wakawa wamekufa wote. Baba, aliyekuwa kijana mwenye hasira, alisimama uani mbele ya majirani akasema, "Mkono wako, mama, kila unachokigusa kinakufa." Maneno hayo mtu hamwambii mama yake. Hakuyaomba radhi. Alikusanya ng'ombe waliobaki, akamchukua Mama na mtoto, akaondoka, na hakurudi tena. Mdogo wake, Baba mdogo Shigela, ndiye aliyebaki na Bibi.

Mwaka wa sabini na tano, mtu wa kisiwani aliyekuja kutafuta malisho Usangu alileta salamu. Bibi amezeeka. Anasema mwanawe Nkuba aje amwone kabla macho yake hayajafunga. Baba alisikiliza, akaendelea kunoa panga. Baada ya mavuno alituambia kwamba likizo ya Desemba tutakwenda Ukerewe wote.

Shuleni habari ilizunguka upesi. Bwenini kwetu kulikuwa na msichana wa Ipogolo, Rozalia, ambaye baba yake alikuwa na duka na ambaye hakuwahi kuliacha jambo lipite bila kulisemea.

"Mmesikia? Wenzetu wanakwenda kupumzika kisiwani!" alisema akiwa juu ya kitanda, miguu inaning'inia. "Kama wazungu. Nyamizi, utavaa miwani ya jua?"

"Nitavaa gunia," Nyamizi akajibu. "Tunakwenda kumsalimia bibi."

"Bibi yuko ufukweni, amekaa kwenye kiti cha kitambaa, anakunywa soda."

"Anavua dagaa, Rozalia."

"Basi niletee. Na picha. Usiponiletea picha ya hao dagaa nitajua mlikwenda Chimala, pale jirani na kwenu, mkajificha."

Sista Apolonia alimwazima kamera. Lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu hakuwahi kuiruhusu ivuke lango la shule. Alimpa na mkanda mmoja wa filamu. "Hakuna mwingine," alisema, "mpaka Mungu apende na forodha ipende. Ukirudi nitaangalia ulichofanya. Nikikiona kizuri, nitakuandikia kule Dar es Salaam wanakofundisha kazi hii."

Nyamizi alisema, "Ndiyo, Sista," na usiku ule hakulala.

Safari sitaieleza yote, kwa kuwa ninachokumbuka ni uchovu. Lori la mpunga mpaka Iringa, basi mpaka Dodoma, kisha gari moshi lililosimama Tabora nusu siku bila mtu kutuambia kwa nini, Mama akiwa amelalia bunda la nguo, Baba akiwa amesimama dirishani kana kwamba akikaa atabadili nia. Mwanza tukapanda meli ya kwenda Nansio. Nyamizi aliibeba kamera tumboni, ndani ya kanga, kama mwanamke anayebeba mtoto mchanga kwenye baridi. Njia nzima hakupiga hata picha moja.

Bibi Kabula alikuwa amekaa mlangoni tulipofika. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Mama alipiga magoti akasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," nasi tukafuata. Baba alibaki amesimama nyuma yetu na kofia mkononi, mwanamume mzima mwenye mvi, hajui pa kuweka miguu.

Bibi aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji. Akamimina maji kwenye kiganja chake mwenyewe, akakinyoosha.

"Kunywa," alisema.

Baba alimtazama.

"Kunywa, Nkuba. Kutoka kwenye huu mkono."

Baba akapiga magoti, akanywa. Maji mengi yalimwagika kwenye shati. Baba mdogo Shigela akageuka akajifanya anafukuza kuku, na Mama akalia kwa sauti, ndipo watoto wa jirani wakacheka, na ndivyo siku ile ilivyoisha.

Baada ya hapo tukawa na likizo, kama likizo ni kukaa mahali ambapo hakuna kengele. Tulimenya mihogo. Tulianua dagaa kwenye mawe kabla mvua haijaja. Tulikula machungwa mpaka midomo ikachubuka. Baba na mdogo wake walijenga upya boma la ng'ombe, wakiongea Kisukuma cha utotoni ambacho sisi tulikielewa nusu. Baba alicheka mara mbili tatu. Sikuwa nimezoea kumsikia akicheka, nilidhani anakohoa.

Nyamizi alizunguka na kamera. Ile kamera huiweki jichoni. Unaishika kwenye tumbo, unainama, unatazama kioo kidogo cha juu, na watu wa pale jambo hilo liliwafurahisha sana.

"Wewe binti," mzee mmoja alimwita kutoka kwenye mawe, "unatupiga picha sisi au unaangalia kitovu chako?"

"Nakuangalia wewe, babu. Umo humu, umepinduka kushoto kulia."

"Basi nigeuze. Mke wangu asije akanikuta nimekuwa wa kushoto."

Alipiga kwa ubahili. Wasichana wakisugua sufuria kwa mchanga. Mawe makubwa yaliyobebana. Mama amelala mchana, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akifanya nyumbani. Lakini picha moja aliyoihifadhia nafasi tangu mwanzo ilikuwa ya Bibi, na Bibi mwenyewe ndiye aliyeiomba.

"Nataka mimi na mwanangu," alisema. "Yeye akae kwenye kigoda, mimi nisimame nyuma, mkono wangu uwe hapa." Akaweka kiganja begani kwa Baba. "Uonekane vizuri huu mkono. Nitaiweka ukutani. Walioyasikia yale maneno wengine bado wapo hai, wanapita hapa kila siku. Waingie ndani waone."

Baba aliinamisha uso. "Mama, yameisha hayo."

"Kwako yameisha. Mimi nimebaki na majirani."

Nyamizi aliwapanga asubuhi, jua likiwa chini. Alitazama kivuli chake, akarudi nyuma, akasogea. Aliposema tayari, Baba aliacha kupumua, na Bibi akanyoosha vidole vyake vyote vitano begani kwa mwanawe, wazi, kama mtu anayeonyesha kwamba hajaficha kitu. Kamera ikalia, tek. Picha ile ilikuwa ya mwisho kwenye mkanda.

Alasiri ile Nyamizi alikaa na Bibi jikoni, mimi nikiwa nachagua mchele. Alikuwa ameutoa mkanda kwenye kamera, ameufunga kwa karatasi yake, ameutia kwenye kikopo cha dawa. Bibi alikigeuza kikopo mkononi.

"Nimo humu? Na Nkuba yumo?"

"Mmo, Bibi. Lakini hamwonekani sasa. Ukifungua mwanga ukaingia, mnapotea. Mpaka nifike Iringa, niwatie kwenye maji ya dawa, ndipo mtokee."

Bibi alikitikisa kikopo karibu na sikio. "Kwa hiyo ni kama mbegu. Ipo, lakini haijaota."

Nyamizi akafurahi. Watu wengi alikuwa amewaeleza jambo hilo na hakuna aliyelielewa upesi namna ile. "Ndiyo, Bibi," alisema. "Ni kama mbegu kabisa."

Tulikaa siku kadhaa zaidi. Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa imefungwa, Baba akiwa njiani na Shigela, Nyamizi alifungua begi lake kuhakikisha. Kikopo hakikuwemo. Alimwaga nguo zote kwenye mkeka. Akazikung'uta moja moja.

"Unatafuta nini?" Bibi akauliza.

"Kile kikopo, Bibi. Chenye picha."

"Ah! Wewe ungekiacha kwenye begi, panya wakitafune? Nilikitunza." Akaingia jikoni, akapanda kwenye kinu, akaunyoosha mkono juu ya mafiga. Kila jiko la kwetu lina kichanja pale juu, penye masizi, ambapo mahindi ya mbegu na vichwa vya mtama hukaa msimu mzima, moshi na joto vikifukuza wadudu na unyevu. Mbegu ya kumea ndipo inapokaa. Mtu hawezi kuiweka mahali bora zaidi ya hapo. Bibi alishuka na kikopo kilichokuwa kimefungwa vizuri ndani ya ganda la hindi, akapangusa masizi kwa kanga yake. "Tangu jioni ile kiko hapo. Moto sijauacha uzimike hata usiku mmoja."

Nyamizi alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto. Mimi nilikigusa, najua. Alikifungua kidogo, akanusa, akafunga. Nilijua kanuni za stoo yetu, na nilijua Sista alivyokuwa akitufokea tukiacha filamu hata dirishani penye jua. Nilifungua mdomo. Nyamizi akanikanyaga mguu.

"Asante, Bibi," alisema. "Umetunza vizuri."

"Niletee mapema. Ukutani pale, umeona? Nimeshapaka chokaa."

Kwenye meli nilimuuliza kama picha zitatoka. "Huenda," alisema. Kwenye gari moshi nilimuuliza tena. Alisema, "Nyamaza. Baba asisikie." Kisha, baada ya stesheni mbili tatu, akasema kwa sauti ya chini, "Unajua atasema nini akisikia ni nani. Neno lile lile."

Nilijua. Nilimtazama Baba, amelala ameegemea mbao za behewa, shati lake bado lina doa la maji ya kibuyu au labda la jasho, uso wake umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Sikuuliza tena.

Iringa tulisafisha mkanda Jumapili ya kwanza. Nilitikisa sinia kama siku zote. Sista Apolonia aliuinua ukanda kwenye mwanga, akautazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umeungua wote kwa rangi moja, kama chai ya rangi.

"Hii filamu imepikwa," alisema. "Ilikaa wapi?"

"Karibu na moto, Sista."

"Nani aliiweka?"

"Mimi."

Sista hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. "Nyamizi," alisema, "katika wote, wewe?" Kisha akanyoosha mkono, na Nyamizi akauvua uzi shingoni akampa ufunguo. Habari ya Dar es Salaam haikutajwa tena.

Wiki chache baadaye Sista alimruhusu ajaribu picha ile ya mwisho, kwa karatasi ngumu kuliko zote, ile inayolazimisha kiza na mwanga viachane. Alijaribu mara nyingi. Kilichotoka kilikuwa ukungu, na ndani ya ukungu vivuli viwili, kimoja kimekaa na kimoja kimesimama. Ungeweza kusema ni watu. Ungeweza pia kusema ni magunia. Mkono haukuonekana.

Rozalia, ambaye kwa kawaida asingeacha nafasi kama hiyo, aliichukua akaigeuza geuza, akamrudishia. "Pole," alisema. "Nimewaona dagaa wangu."

Likizo iliyofuata tulikwenda nayo Ubaruku. Baba alikuwa anaingoja. Aliosha mikono kwanza, akakaa kwenye kigoda, akaipokea. Aliitazama, akaigeuzia kwenye mwanga.

"Mama yangu yuko wapi hapa?"

"Ni huyo aliyesimama, Baba."

"Nimekuuliza mama yangu yuko wapi."

"Picha haikutoka vizuri."

"Kwa nini?"

Mama alikuwa mlangoni na ungo. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nyamizi alisimama jua likiwa mgongoni, Baba akiwa amekunja macho kumtazama. "Niliiweka karibu na moto," alisema. "Nilisahau."

Baba hakumpiga. Aliiweka picha chini kifudifudi. "Nimekusomesha," alisema, "nimekupeleka mpaka kwa mama yangu, jambo lililonishinda miaka yote, nikakukabidhi wewe kitu kimoja. Kimoja. Ukasahau." Akanyanyuka. "Hiyo mashine usiishike tena ukiwa mtoto wangu."

Hakuishika tena. Kisiwani tulipeleka salamu kwamba picha inachelewa. Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, zikaja habari kwamba Bibi Kabula amefariki, akiwa bado anangoja, ukuta wake mweupe hauna kitu. Shigela alituma maneno kwamba hadi mwisho alikuwa akiwaambia wapita njia, "Ipo Iringa, inasafishwa."

Baba alinyoa nywele, akakaa matanga, na tangu hapo akawa na maneno yake. Akija mgeni, akiulizwa habari za kwao, alikuwa akisema, "Mama yangu sina hata sura yake. Ilikuwepo, huyu hapa akaiunguza." Alisema bila hasira, jinsi mtu anavyotaja ulemavu wa mguu wake. Mara nyingi Nyamizi alikuwa anapita na maji ya kunawa, au anapakua wali. Alimimina, alipakua. Hata tone halikumwagika. Nilikuwa nachoka mimi kwa niaba yake. Kila likizo nilirudi shule nimechoka kuliko nilivyotoka.

Mama alijua, nadhani. Siku moja alinishika mkono jikoni kwetu, akatazama juu ya mafiga, kwenye kichanja chetu wenyewe, chenye mahindi ya mbegu. Akasema, "Hata mimi ningeiweka pale."

Nyamizi alimaliza kidato cha nne kwa alama za katikati, kama alivyokuwa. Akaenda chuo cha ualimu, akapangiwa shule ya msingi Nyololo, barabarani, mahali ambapo magari husimama watu wanywe chai na kununua viazi halafu yanaendelea. Alipanga chumba kimoja kwa Mzee Yotamu, fundi baiskeli. Alifundisha darasa la pili. Ukutani hakuwa na picha yoyote, hata kalenda. Wanafunzi wake alikuwa akiwaketisha nje siku za baridi, na niliwahi kumkuta akiwahamisha mstari mzima, mmoja mmoja, mpaka nyuso zao zote zikawa kwenye mwanga. Alirudi nyuma akawatazama. Kisha akapiga makofi wakaanza kuimba hesabu.

Baba alifariki mwaka jana, mzee sana. Alirudia maneno yake mpaka meno yakaisha, na mimi sikumweleza kweli, kama Nyamizi alivyoniagiza. Sasa hakuna anayeweza kuumizwa na habari hii, ndiyo maana ninaiandika. Nyamizi alimtangulia zamani, mwaka wa sabini na tisa, kwa homa iliyomchukua kabla wiki haijaisha. Walipotuletea habari, Baba alikuwa shambani ndani ya maji ya mpunga. Alisimama humo humo mpaka jioni.

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilipita Nyololo. Nilikuwa chuoni Mbeya, natoka Iringa kuchukua cheti changu, na nilikuwa na saa chache kati ya gari na gari. Nyamizi alininunulia viazi vya kuchoma. Tulikaa kwenye gogo mbele ya kibanda cha chai, yeye akiwa ameshazunguka akapata upande wake. Alikuwa amekonda. Ukungu wa Mufindi ulikuwa unapanda kutoka kwenye mashamba ya chai, ukimeza nguzo za simu. Alinisikiliza nikimweleza kwamba Pasaka Baba amelisema tena, mbele ya padri, na kwamba mimi nimechoka, nitamwambia kweli, na iwe itakavyokuwa.

"Utamwambia nini?" aliuliza.

"Kwamba ni Bibi. Kwamba alitunza, hakuharibu. Baba sasa ni mtu mzima, ataelewa."

"Ataelewa mchana. Usiku atakumbuka ndama."

"Kwa hiyo wewe utabeba mpaka lini?"

Gari la Mbeya lilikuwa limefika, utingo anagonga bati, watu wanapandisha magunia. Nyamizi aliniokotea begi, akanisukuma mgongoni kama alivyokuwa akinisukuma zamani kwenye foleni ya uji. Nilipanda, nikapata dirisha. Alikuja akasimama chini yake, akakunja shingo kunitazama.

"Mwache akasirike na mimi, mdogo wangu," alisema. "Bibi hayupo tena wa kuombwa radhi. Mimi nipo hapa Nyololo. Siku akitaka, anajua gari la kupanda."